Kupima kama dondoo ya vigoga inazuia bakteria: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Tatizo linalorudi kila mara ni hili. Mwanafunzi anakusanya vigoga, ile mimea midogo ya kijani inayotanda kwenye mawe, magome na kuta zenye unyevu. Anailoweka kwenye methanoli, anadondosha maji yake (ndiyo dondoo) kwenye sahani yenye bakteria, na kesho yake anakuta duara safi ambamo bakteria hawakuota. Anarudia wiki inayofuata, duara halipo. Ama lipo, ila limezunguka hata diski ya karatasi isiyo na kigoga. Mwingine haoni duara lolote, anaandika kwamba kigoga chake hakina kitu, kumbe dondoo imegoma tu kusambaa kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea bakteria.

Bakteria ni rahisi kuwaua. Methanoli inawaua, shaba inawaua, na ukungu ulioota kwenye kigoga kilichokaushwa vibaya unaweza kutoa kemikali za kuwaua. Kazi iko kwenye kuonyesha kwamba kilichoua ni kigoga chenyewe. Ndiyo maana nimetumia nafasi kubwa hapa kwenye usafi na kwenye sampuli linganishi, yaani zile sampuli zisizo na dawa unayoipima ambazo watu wengi huziruka ili kuokoa diski mbili tatu.

Mwongozo ni wa mtu mwenye maabara ya mikrobiolojia na msimamizi. Usiufanyie jikoni.

## Utakachohitaji

Kwa kukusanya: bahasha za karatasi (si mifuko ya plastiki), kisu kidogo, lenzi ya mkono, kalamu ya risasi na daftari, simu yenye GPS.

Kwa kutoa dondoo:
- methanoli au ethanoli ya maabara, si spiriti ya kuwashia
- chupa za kioo zenye mfuniko, angalau mbili kwa kila kigoga
- karatasi ya kuchujia Whatman Na. 1
- kinu au blenda, na mizani inayosoma miligramu
- rotavapa (mashine ya kuvukiza kiyeyushi); kama hakuna, kabati la kuvuta mvuke na subira
- DMSO (kiyeyushi cha dondoo kavu)

Kwa kupima:
- agari ya Mueller-Hinton na brothi (lishe ya majimaji) ya Mueller-Hinton
- diski tupu za karatasi za mm 6, na diski za gentamicin (antibayotiki ya kulinganishia) za mikrogramu 10
- unga wa gentamicin kwa ajili ya sahani ya vishimo
- sahani za petri, sahani za vishimo 96, pipeti na ncha zake
- vijiti vya pamba vilivyotakaswa, maji ya chumvi 0.85%
- resazurini (rangi inayoonyesha bakteria walio hai)
- inkubeta ya 35 °C, otoklevu (mashine ya kutakasa kwa mvuke), na spektrofotomita (kipima mwanga unaopita kwenye maji) ukiweza kuipata

Bakteria: *Escherichia coli* ATCC 25922 na *Staphylococcus aureus* (ATCC ni hifadhi ya vijidudu ya Marekani). Kwa *S. aureus*, ATCC 25923 hutumika kwenye diski na ATCC 29213 kwenye vishimo. Aina hizi zina viwango vya majibu vinavyojulikana dunia nzima, hivyo ukikosea zitakusema. Bakteria aliyetoka kwa mgonjwa wa wodi ya jirani hawezi kukusaidia hapo. Shule ya sekondari itumie *Bacillus subtilis* na *E. coli* K-12, wasio wa hatari kwa mtu mwenye afya.

Usalama: *S. aureus* anahitaji maabara ya usalama wa daraja la pili. Methanoli ni sumu na inashika moto haraka, kwa hiyo isikae meza moja na taa ya Bunsen inayowaka. Mabaki yake yaende kwenye chupa ya taka, si kwenye sinki.

## Hatua ya 1: Chagua kigoga na mahali pa kukitoa

Kwa mazoezi napendekeza *Bryum argenteum*, kigoga kidogo chenye mng'ao wa fedha kinachoota kwenye nyufa za zege na kando za barabara karibu miji yote duniani. Si cha kubahatisha: mwaka 2006 watafiti wa Belgrade, Serbia, walichapisha matokeo ya kuzuia vijidudu kwa dondoo yake ya ethanoli. Ugumu wake ni umbo, maana kukusanya gramu za kutosha kunachosha. Ukiwa karibu na Usambara, Uluguru, Kilimanjaro au Aberdare, vigoga vya msituni ni vikubwa na vingi zaidi.

Mahali pa kukusanyia panaweza kuharibu kazi yote kabla hujafika maabara. Vigoga havina mizizi ya kweli. Hunywa maji na madini kwa mwili mzima, na hushika metali kutoka hewani vizuri kiasi kwamba Ulaya huvitumia kupima uchafuzi wa hewa. Kwa hiyo:

- Usichukue chini ya paa la mabati. Maji yanayotiririka juu ya bati hubeba zinki, na zinki inazuia bakteria.
- Usichukue kwenye mashamba ya kahawa wala miti ya kivuli ndani yake. Dawa za shaba, mrututu ukiwemo, hupuliziwa dhidi ya magonjwa ya kahawa, na kigoga huzikusanya.
- Kaa mbali na barabara kuu na gereji.

Chukua aina moja kutoka sehemu mbili zilizo mbali. Zikitoa majibu yanayofanana, una hoja. Ikiwa ya mjini inaua na ya msituni haiui, shuku uchafuzi kwanza.

Msitu wa hifadhi unahitaji kibali. Tanzania anza kuuliza COSTECH, Kenya NACOSTI (tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo), kisha mamlaka ya msitu wenyewe. Chukua kipande tu cha kila tandiko, kwa sababu vigoga hurudi polepole.

Gawanya kila sampuli mara mbili: sehemu ya maabara, na kielelezo kikavu cha kupeleka hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa), mfano ile ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vigoga vinafanana mno kwa macho. Bila kielelezo kilichothibitishwa na mtaalamu, matokeo yako ni ya "kitu cha kijani", na hakuna atakayeweza kuyarudia.

Umefanikiwa kama: kila bahasha ina tarehe, mahali, mwinuko, kilichokuwa chini ya kigoga (jiwe, gome, udongo, zege) na namba inayofanana na ya kielelezo.

## Hatua ya 2: Safisha kuliko unavyodhani inatosha

Tandiko moja la kigoga lina udongo, mwani, ukungu, bakteria, utitiri, na mara nyingi kigoga cha aina ya pili kilichojipenyeza katikati. Udongo una bakteria wa jenasi ya *Streptomyces*, hao hao waliotupatia streptomycin. Ukisaga kila kitu pamoja hutajua nani kafanya kazi.

1. Loweka kigoga kwenye maji safi dakika kumi ili kifunguke.
2. Chini ya lenzi, au bora darubini ndogo ya kupasulia, ondoa udongo, wadudu na mimea mingine kwa koleo.
3. Kata sehemu ya chini ya kahawia iliyokufa. Baki na ncha za kijani.
4. Suuza kwa maji ya bomba ukibadilisha mpaka yatoke meupe kabisa.
5. Malizia kwa maji yaliyotonezwa (yaliyosafishwa kwa mvuke), mara tatu.

Usiloweke kwenye jiki ili "kuua vijidudu vya juu". Klorini inaharibu kemikali unazozitafuta, na ikibaki inaua bakteria wako.

Hata ukisafisha hivi, baadhi ya viumbe hubaki ndani ya majani. Tiba kamili ni kuotesha kigoga kwenye maabara bila kiumbe kingine, kazi ya miezi. Kwa utafiti wa awali si lazima, lakini ripoti iseme wazi kwamba kigoga kilitoka porini.

Umefanikiwa kama: maji ya mwisho hayaachi chembe chini ya bika yakitulia nusu saa.

## Hatua ya 3: Kausha na saga

Tandaza kwenye karatasi, kivulini, hewa ikipita. Ukitumia oveni, isizidi 40 °C. Jua kali na joto kubwa huharibu kemikali dhaifu. Ukaushaji wa polepole mno kwenye chumba chenye unyevu huleta ukungu. Pima uzito asubuhi na jioni. Usipobadilika tena, kimekauka.

Kikinuka uvundo au kikiwa na nyuzi nyeupe, tupa. Hakuna namna ya kukiokoa.

Saga kiwe unga, kisha uhifadhi kwenye chupa kavu, gizani. Vigoga ni vigumu kusagika kuliko majani ya kawaida, kwa hiyo endesha blenda kwa vipindi vifupi isipate moto.

## Hatua ya 4: Toa dondoo, na uandae chupa tupu

Hapa ndipo kazi nyingi huanguka, na kosa lenyewe ni kutokuwa na chupa ya pili.

Chupa A: gramu 10 za unga, mililita 100 za methanoli.
Chupa B: mililita 100 za methanoli, bila kigoga.

Kila utakachoifanyia A, ifanyie B: muda uleule, karatasi ya aina ileile, joto lilelile. B itakueleza kama kuna kitu kwenye methanoli, kwenye karatasi au kwenye vyombo kinachoua bakteria chenyewe.

1. Funga, funika kwa karatasi ya alumini, tikisa saa 24 kwenye joto la chumba. Giza ni muhimu kwa sababu klorofili ikipata mwanga hubadilisha kemikali zilizo karibu nayo.
2. Chuja. Hifadhi maji yaliyochujwa.
3. Rudisha mabaki ya unga kwenye methanoli mpya, na urudie mara mbili zaidi. Changanya michujo yote mitatu.
4. Kausha kwenye rotavapa, joto la maji lisizidi 40 °C.
5. Hamishia kwenye kichupa ulichokipima kikiwa kitupu, kisha acha kikauke hadi uzito usibadilike kabisa.

Hatua ndogo ya tano isiharakishwe. Dondoo inayonata na kunuka methanoli bado ina methanoli, na hiyo ndiyo inayochora yale maduara ya wiki ya kwanza yanayopotea wiki ya pili.

Sasa hesabu mavuno: uzito wa dondoo kavu, gawa kwa uzito wa unga, zidisha kwa 100. Ukipata gramu 0.5 kutoka gramu 10, mavuno ni 5%. Usishangae yakiwa madogo.

Methanoli na ethanoli huchukua vitu vingi kwa pamoja, flavonoidi zikiwemo, kwa hiyo ni pazuri pa kuanzia. Ukiwa na unga wa kutosha, unaweza kupitisha heksani, kisha ethili asetati, kisha methanoli kwenye unga uleule. Maji matupu nayaacha: hubeba sukari nyingi, na dondoo huoza ndani ya siku chache.

Hifadhi dondoo kavu kwenye −20 °C, gizani.

Umefanikiwa kama: dondoo ni kavu, haina harufu ya kiyeyushi, na chupa B haijaacha karibu chochote. B ikiacha mabaki ya kuonekana kwa macho, methanoli yako ni chafu. Badilisha kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 5: Andaa bakteria kwa wingi unaojulikana

Duara hupungua bakteria wakiwa wengi mno na kupanuka wakiwa wachache. Bila kipimo, unalinganisha siku ya soko na siku ya msiba.

Otesha bakteria kwenye agari usiku mmoja. Chukua koloni tatu hadi tano zinazofanana, uziweke kwenye maji ya chumvi, na utikise. Linganisha ukungu wa maji hayo (kutoangaza kwake, si kuvu) na kipimo cha McFarland 0.5. Kipimo hicho hutengenezwa kwa kuchanganya mililita 0.5 za bariamu kloridi ya 1.175% na mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya 1%. Kwenye spektrofotomita, urefu wa wimbi nanomita 625, usomaji uwe kati ya 0.08 na 0.13. Hapo una takriban bakteria milioni 100 hadi 200 kwa mililita.

Fuata kanuni ya 15-15-15 ya EUCAST, kamati ya Ulaya ya vipimo vya antibayotiki: tumia mchanganyiko huo ndani ya dakika 15, weka diski ndani ya dakika 15 baada ya kupaka, ingiza kwenye inkubeta ndani ya dakika 15 baada ya diski. Kwa hiyo panga kila kitu mezani kabla ya kugusa bakteria.

## Hatua ya 6: Mchujo wa kwanza kwa diski

Njia hii ni ya kuuliza "kuna kitu?" tu.

Diski. Yeyusha dondoo kwenye methanoli iwe miligramu 50 kwa mililita. Weka mikrolita 10 kwenye diski, iache ikauke, ongeza 10 nyingine. Diski sasa ina miligramu 1. Acha zikauke kabisa ndani ya kabati la usalama. Mabaki ya chupa B yayeyushe kwa ujazo uleule uliotumia kwa dondoo, uweke kiasi kilekile kwenye diski.

Agari. Fuata lebo ya kopo. Takasa kwa 121 °C dakika 15, poza hadi 45–50 °C, mimina mililita 25 kwenye sahani ya mm 90 ili unene uwe mm 4. Agari nene hupunguza duara, nyembamba hulipanua.

Kupaka. Chovya kijiti cha pamba, kikamue kwenye ukuta wa bomba, kisha paka sahani nzima mara tatu ukiizungusha kila mara.

Kupanga. Kila sahani iwe na diski nne:
- dondoo ya kigoga
- chupa B
- methanoli iliyokaushwa
- gentamicin

Katikati ya diski moja na nyingine kuwe na angalau mm 24. Diski ikishagusa agari usiisogeze, kwa sababu dawa imeanza kutoka.

Geuza sahani juu chini, weka 35 °C kwa saa 16 hadi 20, kisha pima kipenyo cha duara pamoja na diski yenyewe. Mm 6 maana yake hakuna kitu.

Kabla ya kuangalia dondoo, angalia gentamicin. Kwa *E. coli* ATCC 25922 duara liwe mm 19 hadi 26, kwa *S. aureus* ATCC 25923, mm 19 hadi 27. Likiwa nje ya hapo sahani nzima haifai, hata kama kigoga kimetoa duara la kupendeza. Bakteria pia wawe wametanda bila mapengo. Ukiona koloni mojamoja, walikuwa wachache.

Diski ya chupa B au ya methanoli ikitoa duara, rudi Hatua ya 4.

Maonyo mawili. Usiandike kwamba dondoo ina "nusu ya nguvu ya gentamicin" kwa kugawa milimita: diski yako ina mikrogramu 1,000, ile ina 10. Pia usitupe dondoo isiyotoa duara. Kemikali zenye asili ya mafuta hazitembei kwenye agari yenye maji, zinabaki kwenye diski zikiwa na nguvu zao zote. Zipeleke hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Tafuta MIC kwenye sahani ya vishimo 96

MIC ni kiasi kidogo kabisa cha dondoo kinachozuia bakteria kuota. Hii ndiyo namba inayoweza kulinganishwa na ya maabara nyingine. Jacobus Eloff wa Chuo Kikuu cha Pretoria alichapisha mwaka 1998 njia ya vishimo kwa ajili ya dondoo za mimea, na tangu hapo sioni sababu ya mtu kuishia kwenye diski.

Kuyeyusha. Tengeneza akiba ya miligramu 100 kwa mililita ndani ya DMSO. Kama lazima uichuje, tumia kichujio cha PTFE cha mikromita 0.22, vya selulosi asetati huyeyuka kwenye DMSO. Dondosha mikrolita 10 za akiba kwenye agari tupu uiache usiku mmoja. Kitu kikiota, dondoo si safi.

Andaa sahani mbili pacha, kwa sababu moja haitawekwa rangi (ni ya Hatua ya 8). Kwa kila sahani chukua mikrolita 20 za akiba, ongeza mikrolita 980 za brothi. Sasa una miligramu 2 kwa mililita, na DMSO 2%.

Kupunguza.
1. Weka mikrolita 100 za brothi kwenye safuwima 2 hadi 11, na mikrolita 200 kwenye safuwima 12.
2. Weka mikrolita 200 za dondoo kwenye safuwima 1.
3. Hamisha mikrolita 100 kutoka safuwima 1 kwenda 2, changanya, kutoka 2 kwenda 3, hivyo hivyo mpaka 10. Mikrolita 100 za mwisho zitupe. Badilisha ncha ya pipeti kila safuwima, la sivyo unaburuta dondoo ya juu hadi chini.

Kupanga mistari:
- A, B, C: dondoo na bakteria
- D: dondoo bila bakteria
- E: chupa B na bakteria
- F: DMSO 2% kwenye brothi, na bakteria
- G: gentamicin kuanzia mikrogramu 16 kwa mililita, na bakteria

Safuwima 11 ni brothi na bakteria, lazima waote. Safuwima 12 ni brothi tupu, lazima ibaki safi.

Bakteria. Chukua mikrolita 100 za mchanganyiko wa McFarland 0.5 uziweke kwenye mililita 14.9 za brothi. Ongeza mikrolita 100 kwenye kila kishimo kinachohitaji bakteria. Mstari wa D, safuwima 1 hadi 10, upate brothi badala yake. Kila kitu sasa kimegawanyika kwa mbili: safuwima 1 ina miligramu 1 ya dondoo kwa mililita na DMSO 1%, ya 2 ina 0.5, na kuendelea. Bakteria ni takriban 500,000 kwa mililita.

Usiamini tu, hesabu. Papo hapo chukua mikrolita 10 kutoka kishimo cha safuwima 11, weka kwenye mililita 10 za maji ya chumvi, sambaza mikrolita 100 kwenye agari. Kesho uwe na koloni kama 50. Kati ya 20 na 80 inakubalika.

Funika, weka ndani ya boksi lenye kitambaa kibichi ili vishimo vya pembeni visikauke, na uache 35 °C kwa saa 16 hadi 20.

Kusoma. Hapa klorofili huwasumbua watu. Dondoo ni ya kijani, nyingine huganda ikikutana na brothi, na ukungu wake unafanana na bakteria waliokua. Macho hayatoshi. Ongeza mikrolita 30 za resazurini ya 0.015% kwenye kila kishimo, subiri saa 2 hadi 4. Bakteria walio hai huigeuza kutoka bluu kuwa waridi. Kishimo cha mwisho kinachobaki bluu, ukitoka safuwima ya 1 kuelekea ya 10, ndiyo MIC.

Mstari wa D sasa unalipa gharama yake. Baadhi ya dondoo zenye fenoli nyingi hugeuza resazurini zenyewe, bila bakteria hata mmoja. D ikiwa ya waridi kwenye vishimo vya mwanzo, usisome rangi katika vishimo hivyo. Nenda Hatua ya 8 ukaoteshe.

Umefanikiwa kama: safuwima 11 ni waridi, 12 ni bluu, mistari E na F ni waridi yote hadi safuwima 10, na MIC ya gentamicin kwa *E. coli* ATCC 25922 imeangukia kati ya mikrogramu 0.25 na 1, yaani safuwima 4 hadi 6.

## Hatua ya 8: Imezuia au imeua?

Resazurini huingilia bakteria, kwa hiyo otesha kutoka sahani pacha ambayo hukuiwekea rangi. Chukua mikrolita 10 kutoka kila kishimo ambamo bakteria hawakuota, dondosha kwenye agari mpya, subiri usiku mmoja. Kiwango cha chini kinachopunguza bakteria wa mwanzo kwa 99.9% ndicho MBC. Kwa bakteria 500,000 kwa mililita, tone la mikrolita 10 lilianza na 5,000, kwa hiyo koloni 5 au pungufu zinatosha.

MBC isipozidi mara nne ya MIC, dondoo huhesabiwa kuwa inaua. Ikizidi, inazuia tu. Kwa dondoo ghafi ya kigoga, kuzuia bila kuua si jambo la ajabu.

## Hatua ya 9: Rudia, kisha soma namba bila kujipendelea

Vishimo vitatu vya A, B na C havihesabiki kuwa marudio matatu. Ni bakteria walewale, siku ileile. Rudia yote kuanzia Hatua ya 5 siku tatu tofauti, na bora zaidi kwa dondoo iliyotolewa upya angalau mara moja.

MIC hupanda kwa kuzidishwa mara mbili, hivyo tofauti ya hatua moja, mfano mikrogramu 250 na 500 kwa mililita, ni ya kawaida na si ushindi wa kigoga kimoja juu ya kingine. Toa namba ya katikati, usitoe wastani.

Kwa dondoo ghafi, kigezo alichokipendekeza Victor Kuete wa Kamerun mwaka 2010 kinatumika sana: chini ya mikrogramu 100 kwa mililita ni nguvu ya maana, kati ya 100 na 625 ni ya wastani, zaidi ya hapo ni dhaifu. Ukipata miligramu 1, andika dhaifu. Karibu kitu chochote kikiwa kingi vya kutosha kitazuia bakteria.

Tarajia *S. aureus* azuiwe mapema kuliko *E. coli*, ambaye ana utando wa nje unaozuia kemikali nyingi za mimea na pampu za kuzitoa zikiingia. Ikiwa kigoga chako kinamuua *E. coli* kirahisi na *S. aureus* haguswi, rudi kwenye swali la metali, upime zinki na shaba kwenye unga kabla ya kuandika lolote.

Kwenye ripoti weka spishi na namba ya kielelezo, mahali, kiyeyushi, mavuno, DMSO ya mwisho, aina ya bakteria, idadi ya koloni ulizohesabu, namba za gentamicin za siku hiyo, na majibu ya chupa B. Usiandike kwamba kigoga ni dawa, na usimpe mtu anywe wala ajipake. Dondoo inayoua bakteria inaweza kuua seli za mtu kwa kiasi kilekile, na hilo lina kipimo chake.

Sahani zote, vishimo na vijiti viingie otoklevu 121 °C kwa angalau dakika 30 kabla ya kutupwa. Dondoo iliyobaki irudishe kwenye −20 °C ikiwa kavu, na namba ya kielelezo juu ya kichupa. Ikiwa MIC imeshuka chini ya 100 siku zote tatu, utaihitaji kwa kutenganisha kemikali moja moja.